Kikao cha Pesa Mpunga Ungali Shambani

Kwa familia nyingi za wakulima wa mpunga wa Mwea, nchini Kenya, mwaka una siku moja ya mshahara. Miche hung'olewa kitaluni na kupandikizwa majarubani Julai na Agosti, na kati ya Novemba na Januari mpunga huvunwa, hukaushwa, hupimwa na kulipiwa. Hapo ndipo mji wa Wang'uru, au Ngurubani kama wenyeji wengi wanavyouita, hubadilika. Maduka ya mabati na saruji hujaza bidhaa, baa hufunga usiku wa manane, wauza simu na pikipiki hutoa bei za msimu. Kila mwenye kitu cha kuuza anajua mfuko wa mkulima umejaa. Kisha huja Machi na Aprili, na si ajabu nyumba iliyopokea laki mbili au tatu mwezi wa Desemba ikawa inachukua unga kwa deni.

Ushauri unaotolewa kanisani, redioni na kwenye semina za wanandoa hudhani pesa huja kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Huzungumzia bajeti ya wiki, asilimia ya akiba, nani alipe umeme na nani alipe kodi. Ni ushauri mzuri kwa mwalimu na karani wa kaunti. Nyumba inayoishi kwa mpunga ina tatizo lingine: pesa ya miezi kumi na miwili huingia kwa mkupuo, kwa jina la mtu mmoja, wakati ambapo sehemu yake kubwa imekwisha kuahidiwa watu wengine. Nyumba kama hiyo ikisubiri malipo yafike ndipo mume na mke waketi kupanga, imechelewa. Kikao cha pesa kina wakati wake, na wakati huo ni mpunga ungali shambani.

Jina moja kwenye leseni

Desturi ya pesa ya mpunga kuingia kwa mtu mmoja ina historia. Skimu ya unyunyizaji ya Mwea ilianzishwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji ya kuteka maji ya mito Thiba na Nyamindi ikachimbwa kwa jasho la mahabusu wa vita vya Mau Mau. Familia zisizo na ardhi zikagawiwa ekari nne nne. Hazikupewa hati miliki. Zilipewa leseni, na leseni iliandikwa jina la mtu mmoja, ambaye kwa kawaida alikuwa mume. Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, iliyoundwa mwaka 1966, ilimpangia mkulima siku ya kulima na siku ya kufunguliwa maji, ikauchukua mpunga, ikakata gharama ya trekta, maji na mbolea, halafu ikamlipa mwenye leseni kilichobaki.

Mwaka 1973 kilichapishwa kitabu kuhusu skimu hiyo, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris. Katika sura moja, Jane Hanger na Moris waliuliza swali ambalo wahandisi wa mifereji hawakuwa wameliuliza: mwanamke anapata nini katika nyumba ya mpunga? Huko alikotoka, kwenye udongo mwekundu wa juu, alikuwa na shamba lake la mahindi na maharagwe. Alilisha nyumba na kuuza ziada. Alipohamia Mwea kazi iliongezeka: kupandikiza akiwa ameinama kutwa nzima ndani ya maji, kupalilia, kuvuna. Malipo yalikwenda kwa mume. Kuni alizozoea kuokota sasa zilinunuliwa, maana tambarare ile imejaa maji. Watu walipenda githeri kuliko wali, na githeri kilitaka mahindi na maharagwe ya kununua. Alichobaki nacho ni kile kiasi cha mpunga alichoachiwa na mumewe, na huo ndio aliouuza ili ashike shilingi. Skimu iliyosifiwa kwa mavuno yake ilikuwa imempa kazi zaidi na uamuzi mdogo zaidi.

Mwaka 1998 wakulima waliasi utaratibu wa Bodi na kuanza kuuza mpunga wao wenyewe kupitia chama chao cha ushirika, Mwea Rice Growers Multipurpose. Ulikuwa ushindi mkubwa. Leo mkulima anaweza kupeleka mpunga kwa ushirika, kwa mwenye mashine ya kukoboa au kwa dalali anayekuja na lori hadi ukingoni mwa jaruba. Soko lilifunguka, lakini ndani ya nyumba nyingi mambo yalibaki vilevile: risiti ya mizani ina jina moja, akaunti ina sahihi moja, na ujumbe wa malipo huingia kwenye simu moja. Yule mwingine hujua bei kwa kukisia, na hujua jumla kwa kuangalia kinacholetwa nyumbani.

Deni linalovuna kwanza

Mpunga ni zao la gharama za mapema. Trekta hulipwa kabla mbegu haijamea. Kuna wenye maksai wa kusawazisha jaruba, vibarua wa kupandikiza, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, dawa za wadudu, ada ya maji, na wale vijana wanaoshinda shambani wakiwafukuza kwelea tangu suke linapoanza kujaa maziwa. Haya yote hulipwa wakati nyumba haina kitu. Kwa hiyo mkulima hukopa.

Hukopa kwa ushirika, naye atakatwa mpunga ukifika ghalani. Hukopa duka la pembejeo. Hukopa kwa simu, kwa M-Shwari iliyoanza mwaka 2012 au Fuliza iliyokuja 2019, au kwa mojawapo ya programu nyingi za mikopo zilizofuata. Mkopo mbaya kuliko yote ni wa dalali anayelipa shilingi mwezi wa Septemba kwa magunia atakayochukua Desemba, kwa bei aliyoipanga siku ambayo mwenye shamba alikuwa na mtoto mgonjwa au barua ya karo mkononi. Shamba linaloonekana kuwa la magunia mia linaweza kuwa la magunia hamsini ukishaondoa ahadi, na mara nyingi anayejua hesabu hiyo ni mmoja tu kati ya wawili.

Wanawake nao wana zao. Mke amechukua mkopo wa chama kulipia sare za shule, amemdhamini jirani, au anadaiwa na mwenye duka la mahindi. Amenyamaza kwa sababu anaogopa ugomvi, au kwa sababu anahesabu kwamba mume akilipwa atamwomba pesa kwa jina lingine na deni liishe kimyakimya. Siku ya malipo madeni yote mawili hutoka mafichoni kwa pamoja, yakigombea shilingi zilezile. Ugomvi wa Desemba ambao majirani hudhani umeletwa na pombe, mara nyingi umeletwa na hesabu mbili ambazo hazijawahi kuwekwa meza moja.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nao hawakusema daftari la nani. Katika nyumba ya mpunga, daftari la mtu mmoja ni sawa na kutokuwa nalo.

Kwa nini watu huficha

Ni rahisi kusema wanandoa waaminiane na mambo yataenda. Watafiti waliochunguza nyumba za Kenya wamekuta kwamba kuficha pesa kuna sababu zake, na anayetaka kufichua lazima azijue.

Mwanauchumi Jonathan Robinson aliwafuata wanandoa katika eneo la Busia kwa wiki nane. Kila wiki, kila mume na kila mke alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kupewa shilingi 150 kwa bahati. Kama nyumba ingekuwa na mfuko mmoja kweli, isingejalisha ni nani amebahatika, kwa sababu pesa ingemwagwa pamoja. Haikuwa hivyo. Wiki ambayo mume alipata, matumizi yake binafsi yalipanda. Wiki ambayo mke alipata, matumizi binafsi ya mume hayakupanda. Shilingi ilifuata mfuko iliyoangukia.

Huko Kibera, jijini Nairobi, Siwan Anderson na Jean-Marie Baland waliangalia vyama vya kuchangiana kwa zamu. Walikuta kwamba wengi wa wanachama ni wanawake wanaoishi na waume, na wakaeleza kwamba chama huwapa mahali pa kuweka pesa pasipofikiwa na mkono wa nyumbani. Ukishatoa mchango wako Jumanne, hakuna awezaye kukuomba Jumatano. Naye Simone Schaner, aliyefanya utafiti magharibi mwa Kenya, alikuta kadi za benki zinazorahisisha kutoa pesa ziliongeza matumizi ya akaunti za pamoja na za waume. Kwa wanawake wasio na sauti ndani ya nyumba, akaunti iliyo rahisi kutolewa pesa inaelekea iliwatia wasiwasi, maana ilikuwa rahisi kutolewa pesa na mwingine pia.

Kwa hiyo mwanamke wa Wang'uru anayeficha elfu mbili za biashara ya mchele kando ya barabara ya Makutano kwenda Embu anaweza kuwa anailinda karo. Na mume anayeficha malipo ya mpunga anaweza kuwa anaogopa kwamba jumla ikijulikana, mashemeji na wajomba watapiga foleni mlangoni. Kikao kizuri hakianzi kwa kuhukumu siri za mwaka uliopita. Kinaanza kwa kuifanya siri ya mwaka huu isiwe na kazi.

Kikao chenyewe

Wakati mzuri ni kati ya kumaliza kupandikiza na suke kujaa, yaani Agosti au Septemba. Gharama kubwa za shamba zimeshajulikana, madeni yameshachukuliwa, na pesa bado haijafika ya kumlevya mtu. Tangu Bwawa la Thiba lizinduliwe mwaka 2022 na kuwezesha sehemu za skimu kulima msimu wa pili, kuna nyumba zitakazohitaji vikao viwili kwa mwaka.

Jambo la kwanza mezani ni madeni, yote, ya kila mmoja. Yaandikwe: anayedai, kiasi, tarehe ya kulipa, riba. Sheria ni ngumu lakini ni ya haki: anayetaja deni lake katika kikao hiki halaumiwi kwa kulichukua, na deni ambalo halikutajwa halilipwi na mpunga. Hapa swali kama "Baba Nanii, dalali ameshakupa ngapi?" huulizwa kwa sauti ya kuhesabu, kama karani, na jibu hupokelewa hivyo hivyo.

La pili ni makisio ya mavuno, na yawe ya chini. Asiyetaka kujidanganya huchukua msimu mbaya zaidi aliowahi kupata, si ule uliosimuliwa kijiji kizima.

La tatu ni kugawa kabla ya kupokea. Tuchukue mfano wa nyumba itakayobaki na shilingi 240,000 baada ya makato na madeni. Ina miezi kumi na miwili mbele yake. Chakula na matumizi ya kila siku wakiyawekea 8,000 kwa mwezi, ni 96,000. Karo ya mwaka, tuseme 60,000. Gharama za kuanzia msimu ujao, ili wasirudi kwa dalali, 50,000. Afya na dharura, 20,000. Zimebaki 14,000, nazo zigawanywe sawa, 7,000 kwa kila mmoja.

Mgao huo una mambo matatu ya kuangaliwa. Chakula kimekatwa kwa mwezi, kwa hiyo Machi ina pesa yake tangu Desemba. Wapo wanaofanya hivyo kwa mpunga wenyewe: huweka magunia ya kula na ya kuuza kidogo kidogo, maana bei wakati wa mavuno huwa chini kuliko miezi ya baadaye. Pili, 50,000 za shamba ndizo zinazoamua kama familia itapanda au itashuka. Nyumba inayojikopesha yenyewe kwa ajili ya trekta na mbolea imejiondolea dalali, na nafuu hiyo huonekana kuanzia mavuno yanayofuata. Tatu, elfu saba za kila mtu hazina maswali. Mume akinywa bia, mke akinunua kitenge au akimtumia mama yake, hakuna anayedai maelezo. Nyumba zinazokataza kila shilingi ya binafsi huishia kuzalisha wezi wa ndani.

Dharura nazo zipunguzwe mapema. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, huwataka wasio na mshahara walipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Wafanyabiashara wadogo wa mjini hulalamikia utaratibu huo. Kwa mkulima wa mpunga, ambaye pesa yake huja kwa mkupuo pia, Desemba ndio wakati wa kuulipa na kuusahau.

Simu, benki na kiwango

Laini ya M-Pesa husajiliwa kwa mtu mmoja, kwa hiyo haiwezi kuwa mfuko wa wawili hata wakijuana namba ya siri. Pesa ya msimu ipite katika akaunti ya pamoja, ya Sacco au benki, inayohitaji sahihi za wote wawili kwa kiasi kikubwa. Usumbufu wa kwenda wote kaunta ni sehemu ya kazi yake: anayetaka kununua pikipiki kwa hasira za Jumamosi atalazimika kusubiri Jumatatu. Simu ibaki ya matumizi ya mwezi, ikijazwa kiasi kilekile kila tarehe mosi.

Kisha kuwe na kiwango. Wakubaliane kwamba kitu chochote kinachozidi, mathalani, shilingi 3,000 hakinunuliwi, hakikopeshwi wala hakiahidiwi bila mwenzake kujua. Kanuni hii huwaokoa hasa mbele ya jamaa. Mwanamume anayeombwa mchango wa harusi ya binamu anaweza kusema lazima aongee na mama watoto kwanza, naye mke akiombwa na kaka yake hujibu vivyo hivyo. Wote wawili wanakuwa na mahali pa kujikinga bila kuonekana wabahili.

Mwenye biashara ndogo, awe anauza mchele wa pishori kando ya barabara au anaendesha bodaboda, mtaji wake uhesabiwe kando. Mchele ulio kwenye meza si chakula cha jioni. Biashara nyingi za wake wa Mwea hufa Februari kwa sababu karo imelipwa kutoka kwenye mtaji, kisha mtaji haukurudishwa na aliyekuwa na pesa ya kuurudisha.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani ya ndoa na inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ilienda mbali kuliko watu wengi wanavyojua. Inahesabu mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, na kazi ya shamba. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekataa kuhesabu kazi ya mke ya nyumbani kama mchango katika mali. Mgongo uliopinda majarubani sasa una uzito kisheria.

Hata hivyo uzito huo lazima uonyeshwe. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa Katiba haumpi mtu nusu moja kwa moja. Kila mmoja huthibitisha alichochangia. Daftari la kikao, risiti za vibarua na rekodi za ushirika, vitu vinavyotunzwa kwa ajili ya amani, huwa ushahidi pia siku amani ikikosekana.

Sheria hiyo inakataza katika ndoa ya mke mmoja kuuza, kukodisha au kuweka rehani mali ya ndoa bila idhini ya wote wawili. Na kuhusu madeni, yaliyochukuliwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa hubebwa sawa kwa sawa. Anayesema mkopo wa mwenzake haumhusu asome kifungu hicho kabla ya kukataa kikao.

Mwenzako akikataa

Kuna nyumba ambazo mwaliko wa kikao hujibiwa kwa dharau au kwa kofi. Huko ushauri wa daftari hautoshi. Sheria ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inautaja unyanyasaji wa kiuchumi kuwa aina ya ukatili, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Mwanamke au mwanamume aliye katika hali hiyo afiche akiba yake bila aibu, na atafute msaada kwa chifu, polisi au wakili wa msaada wa kisheria.

Kwa wale ambao tatizo ni mazoea tu, zipo njia ndogo za kuanza. Anayepokea ujumbe wa malipo aonyeshe simu siku hiyo hiyo. Waende wote wawili kwenye mizani ya ushirika. Wakubaliane juu ya jambo moja tu msimu huu, karo kwa mfano, pesa yake ikatwe na kulipwa shuleni kabla ya kitu kingine chochote. Mume aliyeona Januari ikipita bila mtoto kurudishwa nyumbani huwa mwepesi kukubali jambo la pili mwaka unaofuata.

Watakaobaki wakibisha watasema mwenye leseni ndiye mwenye shamba. Na wahesabu gharama ya msimamo huo: nguvu ya mpandikizaji asiyejua atapata nini, madeni mawili yaliyolipiwa riba mara mbili, gunia lililouzwa Septemba kwa bei ya njaa. Yote hayo hukatwa kwenye mpunga wa mwenye leseni. Kikao cha saa mbili mwezi wa Agosti humgharimu kidogo kuliko hayo, na ni mavuno yake mwenyewe yatakayomlipa.